Mtaa Usio na Nyuma

Nyumba ya Tryphosa ilivuja kila mahali isipokuwa pale penye sufuria. Akiweka sufuria mlangoni, tone linahamia kitandani. Akiipeleka kitandani, tone linarudi mlangoni, kama mtoto anayemchezea mamake. Mabati yenyewe yalitoka kwa ghala kuukuu la mahindi kule Moi's Bridge, yameliwa na kutu mpaka mchana ukilala chali ndani ya nyumba unaona nyota. Lakini ilikuwa nyumba yao. Hiyo ndiyo maneno. Walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Huruma, hapa Eldoret, miaka mingi, mwenye nyumba akiwafungia choo akikasirika, mpaka wakapata hiki kiplot cha Langas, na udongo wa ukuta wakaukanyaga kwa miguu yao wenyewe, Tryphosa akiwa na mimba ya Nanyama.

Mume wake, Phineas Wepukhulu, alikuwa fundi wa kuandika vibao. Kama ulipita Eldoret siku zile ukaona butchery yenye ng'ombe anayecheka, huyo ng'ombe ni wake. Ukimuuliza ng'ombe anacheka nini na anaenda kuchinjwa, atakwambia muulize mwenye butchery, mimi nilichora nilivyoambiwa. Alikuwa mtu mpole, maneno yake machache, akiongea anaangalia ukuta kama anayepima.

Kila msimu wa mvua alimwambia mke wake kitu kimoja. "Mama Nanyama, siku moja nitapata rangi ya fedha, ile inapakwa matangi. Nipake haya mabati. Hiyo rangi maji haipiti, kutu haipiti, hakuna kitu inapita."

"Na mimi siku hiyo nitakuchinjia kuku," Tryphosa alijibu, akikamua shuka.

Nanyama sasa alikuwa msichana wa darasa la sita, na kuku huyo alikuwa bado anatembea.

Basi ndani ya nyumba hiyo, siku moja mvua ikinyesha, akaingia Mzee Kipyego. Huyu Kipyego alikuwa na malori, yale ya kubeba mahindi kupeleka Nakuru, na kofia yake haikuwa kofia ya kunyeshewa. Akakaa kwa kiti. Tone likaanguka juu ya kofia. Akasogea. Tone likasogea naye.

"Fundi," alisema, "wametupeleka ng'ambo mimi na wakulima wenzangu kuangalia ng'ombe. Ng'ombe nimeona. Lakini nimeona kitu kingine. Kuna bustani huko ya watoto kucheza, na ndani ya bustani kuna mtaa. Mtaa mzima! Benki, duka, hoteli, posta. Nikazunguka nyuma ya benki nikojoe. Weuwe! Hakuna benki. Ni mbao zimesimamishwa na fito."

"Benki ilikuwa imeibiwa?" Tryphosa aliuliza.

"Hapana, Mama. Ilijengwa hivyo. Mbele tu. Watu wanalipa kuingia kuangalia." Mzee Kipyego akacheka, akafuta kofia. "Sasa mimi niko na lile shamba langu la mtoni. Nimenunua ile bembea ya kuzunguka, yenye farasi. Nataka mtaa kama ule. Na wewe ndiye utanichorea."

Phineas akaangalia ukuta. Tryphosa alimjua: alikuwa ameshaanza kuchora.

Mtaa wa kwanza ulikuwa aibu. Mzee Kipyego alileta picha aliyokata kwa kalenda, nyumba za huko ng'ambo zenye paa refu na theluji juu. Phineas alikuwa hajawahi kuona theluji, lakini alionyeshwa picha, akachora. Maseremala wakasimamisha mbao, yeye akapaka paa nyeupe. Siku ya kwanza akina mama waliopita wakienda kuchota maji walisimama.

"Mbona hizi nyumba zimemwagiwa unga?" mmoja aliuliza.

"Ni posho mill," mwingine akamjibu. "Huoni vumbi?"

Kicheko kikafika kwa Mzee Kipyego, na Mzee Kipyego hakupenda kuchekwa kwa shamba lake. Theluji ikang'olewa.

Ndipo Phineas akasema yake. Alisema polepole, jioni, akiwa ameshika kikombe cha chai. "Mzee, kama ni mtaa wa zamani, si tuchore wa hapa? Hii Eldoret ilipokuwa bado inaitwa Sixty-Four. Baba yangu alikuwa anashona hatamu za farasi kwa Mzungu mmoja wakati huo. Alinieleza mtaa wote. Barabara ilikuwa pana kwa sababu ya mkokoteni wa ng'ombe, ugeuke bila kufungua nira. Na veranda zilikuwa juu, ngazi tatu, kwa sababu ya matope."

"Hata baba yangu alikuwa hapo," Mzee Kipyego alisema, kama mtu aliyekumbushwa njaa. "Akiuza maziwa na ngozi."

Kutoka hapo Phineas hakukaa Jumapili nyumbani. Alienda Kipkaren kwa bibi mmoja kipofu, akaenda mpaka Moiben kwa mzee aliyekuwa mbeba maziwa. Anarudi na vipande vya boksi amechora kwa mkaa, anavitandika kitandani, Tryphosa hana pa kulala. "Hapa hoteli ya Kageha," anasema. "Mama huyu alikuwa anapikia watu wa mikokoteni. Hapa kinyozi, babu yake huyu Adero wa stage ya matatu. Hapa fundi wa nguo, Nanzala, alikuja na cherehani kichwani kutoka upande wa Kakamega, kwa miguu. Hapa Kipkorir, maziwa na ngozi." Wazee walibishana kila kitu, veranda, miti, hata upande wa kanisa, lakini kitu kimoja wote walikubali. Vibao vya wakati huo vilikuwa na herufi nyekundu.

Basi akaandika nyekundu. Na mtaa ulipokwisha, Tryphosa alipelekwa kuuona, akasimama katikati ya ile barabara pana akiwa na kitambaa chake cha kanisa, akaona kama ameingia ndani ya maneno ya baba mkwe wake, aliyekufa kabla yeye hajaolewa. HOTELI YA KAGEHA. ADERO KINYOZI. NANZALA FUNDI WA NGUO. KIPKORIR MAZIWA NA NGOZI. Mzee Kipyego alienda nyuma ya mbao za Kipkorir, akakaa huko muda, na aliporudi alikuwa anapenga kamasi.

"Ni hii rangi," alisema. "Inaniwasha macho."

*

Sasa mwaka huo, mjue, chama kilikuwa kimoja, chenye alama ya jogoo, na hata hicho kimoja kilikuwa kimeanza kuogopa. Kwa mikutano watu wakubwa walisimama kwa lori wakasema wageni, yaani watu wa makabila ya kwingine, warudi kwao. Ukijiangalia, hujui wewe ni mgeni au la. Tryphosa alimzaa Nanyama hospitali ya hapa. Kwao angerudi wapi, na kitanda cha nani?

Adero, huyo mjukuu wa kinyozi, naye alikuwa kinyozi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Siku moja akimnyoa mtu pale kwa kibanda chake stage, alisema, "Huyu jogoo wa chama anawika tangu nizaliwe, na hajawahi kuja kunyolewa huo upanga wa kichwani. Nafikiri anaogopa kioo." Watu walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio.

Wiki haikuisha. Asubuhi trekta ilikuja, ya manjano, haina jina, ikasukuma kibanda cha Adero na kioo chake na benchi yake mpaka mtaroni, ikarudi nyuma, ikaenda zake. Hakuna aliyeuliza imetumwa na nani. Na hapa kwetu trekta ni kama kuku, ziko kila mahali, msimu wa kulima zinapita barabarani alfajiri mpaka jioni. Lakini tangu siku hiyo Tryphosa akisikia trekta mbali, mkono wake ulisimama ndani ya unga. Alikuwa amejifunza kitu. Ile ya kwenda shamba haipunguzi mwendo.

*

Mchana mmoja alipeleka chakula kwa bustani, ugali na sukuma, sufuria imefungwa na leso. Akakuta gari limesimama katikati ya mtaa wa mbao. Mzee Kipyego alikuwa amevua kofia. Mbele yake alikuwa Stephen Kimeli, katibu wa chama wa hapo, kijana wa suti, pini ya chama kifuani, akisoma vibao kwa sauti kama mwalimu anayesahihisha.

"Kageha. Adero. Nanzala." Akamgeukia Phineas. "Hawa ni akina nani?"

"Watu wa mtaa, Bwana Katibu. Wa zamani."

"Walikuwa hapa?"

"Walikuwa."

"Nani alikutuma kusema walikuwa?"

Phineas akaangalia ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, hauna kitu nyuma.

Mzee Kipyego alicheka kicheko kidogo, cha mtu ambaye leseni za malori yake hutolewa na hao hao wa chama. "Bwana Katibu, ni mchezo tu wa watoto."

"Ndiyo nasema. Watoto wakisoma hii, kesho wataniambia mji huu ulijengwa na Nanzala. Mgeni wa heshima anakuja kufungua hii bustani. Asome nini? Andikeni HOTELI. Andikeni KINYOZI. Hoteli haihitaji jina." Akatembea mpaka mwisho. "Hii ya Kipkorir iacheni. Hii ni sawa, huyu ni wetu."

Akarudi akipita karibu na Tryphosa. Akainua leso kwa kidole, akachungulia sufuria.

"Mnakula vizuri hapa kwetu, Mama," alisema. Akamega ugali kidogo, akala, akapangusa kidole kwa ile leso, akaingia kwa gari.

Chakula hicho Phineas hakukila. Tryphosa alikirudisha nyumbani, lakini kile kipande kilichomegwa aliwatupia kuku.

*

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo yaliharibikia.

Rangi nyekundu ina tabia. Ukiipaka nyeupe juu, itanyamaza siku mbili tatu, halafu itaanza kupanda, pole pole, mpaka unaiona tena. Kila fundi anajua. Dawa yake ni rangi ya fedha. Unapaka fedha kwanza, inafunga mlango, halafu nyeupe juu. Phineas alimwambia Mzee Kipyego, na Mzee Kipyego akanunua mkebe mkubwa wa fedha, akamkabidhi. Bustani haikuwa na stoo ya kufunga, kwa hiyo Phineas alibeba mkebe nyumbani, akausukuma chini ya kitanda. Na hakusema kitu. Tangu Katibu aje alikuwa haongei. Kulipopambazuka akaitwa Moi's Bridge kuandika ghala la mahindi, akachukua brashi zake, akaenda.

Tryphosa akifagia, ufagio ukagonga mkebe.

Akauvuta. Akasoma. Akakaa chini sakafuni, hivyo hivyo, na mkebe mapajani.

"Baba Nanyama," alisema peke yake. "Kumbe."

Alifikiri ameelewa kila kitu. Mume wake ameumizwa, hawezi kusema, lakini ameleta ile rangi ya miaka yote. Ameiweka chini ya kitanda aione mwenyewe. Na angani mawingu yalikuwa yamejaa kutoka upande wa Kaptagat. Akatoka nje akamwita jirani yake.

Jirani alikuwa Jemutai, mwenyeji wa hapa, kabila moja na kina Mzee Kipyego, mjane, muuza maziwa, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nyumba zao zilikuwa ukuta kwa ukuta, na ya Jemutai ndiyo iliyotangulia barabarani.

"Oi! Mama Nanyama, umepata wapi hii?"

"Mume wangu ameniletea."

"Wangu hata alipokuwa hai aliniletea malaria tu." Jemutai akawa wa kwanza kupanda ngazi, amefunga sketi kiunoni.

Walipaka siku nzima. Walipaka kwa ufagio, kwa gunia, kwa mkono, matundu wakiyaziba kwa vipande vya gunia vilivyochovywa rangi. Walicheka hadi Nanyama alipotoka shule akaona aibu, mama wazima wako juu ya nyumba wameng'aa mpaka kope. Mvua ilipokuja usiku, Tryphosa aliweka sufuria mlangoni, akangoja. Akaipeleka kitandani, akangoja. Hakuna tone. Akalala akilia, kwa vile nyumba ilikuwa kimya.

*

Phineas alirudi kutoka Moi's Bridge akiwa kwa lori. Aliliona paa kutoka barabara ya Kapsabet, kabla hata ya kushuka. Langas yote ilikuwa ya kutu, na katikati kitu kinawaka kama kioo cha mtu anayekuita.

Aliingia akakuta kuku amechinjwa.

"Kaa, Baba Nanyama. Nilikuahidi."

Hakukaa. "Mkebe uko wapi?"

"Uko hapo. Kumebaki kidogo chini. Nimeficha, nikasema kama kuna mahali tumeruka..."

Akaunyanyua, akautikisa. Halafu akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, kama kawaida yake. Alipomaliza, kuku alikuwa amepoa.

"Nitaenda nimwambie Mzee Kipyego," Tryphosa alisema.

"Umwambie nini? Kwamba fundi wake amebeba rangi ya bustani akapaka nyumba yake? Hiyo inaitwa wizi. Itaandikwa kwa kituo cha polisi hivyo."

"Basi nunua nyingine."

"Kwa pesa gani?" Phineas aliuliza. "Nitapaka nyeupe mara tatu," alisema mwishowe. "Nyeupe nzito. Labda itashika mpaka siku ipite. Baadaye nitajua la kufanya."

Alipaka mara tatu. Ile nyeupe Mzee Kipyego aliyonunua ilikuwa ya maji, ya bei rahisi, na kwa baridi ya Agosti haikutaka kukauka. Juu yake aliandika kwa nyeusi: HOTELI. KINYOZI. FUNDI WA NGUO. Kipkorir peke yake alibaki na jina lake jekundu, kama mtu aliyeachwa matangani wengine wameenda.

*

Siku ya kufungua, watu walijaa. Kulikuwa na kwaya ya shule, kulikuwa na wachezaji wa chama na mashati yao, kulikuwa na viti vya kitambaa chini ya turubai. Mgeni wa heshima alikuja na gari la bendera. Tryphosa alikuwa nyuma, pale kamba ilipofungwa, na Nanyama na Jemutai, wamevaa za Jumapili. Asubuhi mvua ilikuwa imepiga ile ya kuvunja mahindi. Sasa jua lilikuwa limetoka, kali, na mbao zilikuwa zinafuka mvuke.

Mgeni alikuwa anahutubia. Alisema nchi ina amani. Tryphosa hakusikia. Alikuwa anaangalia kibao cha hoteli. Mwanzo alifikiri ni jua. Nyeupe ilikuwa na waridi ndani yake, hafifu, kama shuka jeupe ulilolifua pamoja na kitenge kipya. Halafu ikakusanyika. Ikawa mstari. Ikawa K.

"Yesu," alisema.

Rangi ya juu ilikuwa imelainika, inateremka polepole kwenye mbao kama uji, na HOTELI nyeusi ikateremka nayo. Chini yake Kageha alikuwa anakuja. Kibao cha pili Adero alikuwa anakuja. Wote walikuwa wanakuja, pamoja, bila haraka.

Mtoto mmoja wa kwaya, aliyejua kusoma juzi tu, alisoma kwa sauti. "Na-nza-la." Akafurahi amesoma. "Nanzala! Nanzala fundi wa nguo!"

Mtu fulani nyuma alicheka. Mwanamke mzee akanyoosha shingo. "Kageha?" alisema. "Si huyo ni mamake mama yangu?" Akapita chini ya kamba, hakuna aliyemzuia, akaenda mpaka pale, akaweka kiganja chake kwa mbao, na alipokitoa kilikuwa chekundu. Akawaonyesha watu. Sasa wengi wakawa wanasoma, huku na huku, kwa sauti, kama kuitwa majina shuleni: Kageha! Adero! Na Adero mwenyewe, asiye na kibanda, alikuwa mahali fulani kwenye umati akaitika, "Niko!" Watu wakaangua kicheko.

Kicheko kilikatika chenyewe. Mgeni wa heshima alikuwa ameacha kuongea. Aliangalia vibao, akaangalia saa, akashuka, na gari la bendera likaondoka farasi wa bembea hawajazunguka hata mara moja.

Katibu Kimeli alitembea taratibu mpaka alipokuwa Phineas. Hakupandisha sauti. "Fundi, umetupaka," alisema. "Umetupaka vizuri sana." Na akatabasamu, hilo ndilo Tryphosa hakulisahau. Mzee Kipyego alikuwa ameketi kwa ngazi ya duka la baba yake, kofia magotini.

*

Phineas alisema wanyamaze. Alisema itapita. Lakini Tryphosa hakulala, na kila alipogeuka nyumba ilikuwa kimya juu yake, kavu, na huo ukavu ukawa kama mtu anayemshtaki. Aliona hivi: wakidhani ni siasa, watamchukua mume wake. Wakijua ni mke mjinga aliyepaka paa, watacheka, watatukana, labda watalipisha. Matusi huyajui? Umeshayala mangapi? alijiuliza.

Mchana akavaa kitambaa chake, akaenda Elgon View, mtaa wa matajiri, kwa nyumba ya Mzee Kipyego. Mpishi alimwambia watu wa kazi wanapita nyuma. Akapita nyuma. Akasimama kwa veranda ya jikoni, pembeni ya dirisha lenye pazia, akingoja, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

Mzee Kipyego alitoka. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. "Mama, si ungekuja siku nyingine," alisema kwa sauti ya chini sana.

"Mzee, siwezi siku nyingine. Mume wangu hana makosa. Ni mimi." Na akatoa yote, haraka, kwa pumzi moja, kama anatapika. Mkebe chini ya kitanda. Ahadi ya miaka. Ufagio, gunia, Jemutai, kuku. "Ile rangi ya kufunga nyekundu iko juu ya nyumba yangu, Mzee. Njoo uone. Ukifika Langas hutapotea, ni nyumba ya pili kutoka barabarani, hakuna paa lingine la fedha. Nitafua nguo zenu mpaka nilipe. Lakini waambie haikuwa siasa. Ilikuwa mvua."

Mzee Kipyego alikuwa anatikisa kichwa tangu katikati. Si kichwa cha hasira. Alikuwa anamwomba aache. Sasa akafunga macho.

Nyuma ya pazia kikombe kikawekwa kwa sahani.

"Endelea, Mama," ilisema sauti ya Katibu Kimeli kutoka ndani, taratibu, kama mtu aliyeshiba. "Nilikuwa namuuliza Mzee hapa fundi anakaa wapi. Ananiambia Langas ni kubwa, hajui. Kumbe ni paa la fedha."

Tryphosa akaligeukia pazia. Akamwangalia Mzee Kipyego, mtu aliyekaa kwa kiti chake, aliyefuatwa na tone la nyumba yake huku na huku, na aliyesema hajui nyumba hiyo iko wapi.

"Nenda nyumbani, Mama," Mzee Kipyego alisema. "Nenda sasa."

*

Alfajiri Phineas alipanda juu ya nyumba na ndoo ya matope. Alipaka matope kama alivyopaka vibao, mstari kwa mstari, kwa brashi yake nzuri. Tryphosa alikuwa chini akimpa ndoo. Nanyama walikuwa wamemtuma kwa shangazi yake Bungoma na gari la kwanza, na mkoba wenye sare ya shule, wakamwambia ni likizo.

Jemutai alitoka na ndoo yake ya maziwa, akasimama, akaangalia.

"Mnafanya nini na kazi yangu?"

Tryphosa akamwambia. Alimwambia kila kitu, na jina la Katibu.

Jemutai alimjua Katibu. "Stephen? Wa Kimeli?" aliuliza. "Huyo alikunywa maziwa yangu kwa deni mwaka mzima akisoma." Akaangalia mawingu. Akaangalia paa. "Matope hayatashika, Mama Nanyama. Unajua hayatashika. Kulibaki rangi?"

"Kidogo tu. Chini ya mkebe."

"Nipe."

Jemutai aliongeza mafuta ya taa, akakoroga na kijiti mpaka ikawa nyepesi kama maziwa ya duka. Halafu akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe, ile ya kwanza barabarani, akaanza kupaka upande unaoonekana.

"Mama Jemutai, shuka!" Tryphosa alilia. "Watakubomolea wewe!"

"Wanibomolee," Jemutai alisema bila kugeuka. "Wanibomolee, halafu wanieleze sababu kwa lugha ya mama yangu, ambayo ndiyo yao. Nataka kuisikia."

Mvua ilikuja mchana. Tryphosa na Phineas walisimama mlangoni wakiangalia matope yao yakishuka kwa mabati, mekundu, yakiingia mtaroni. Mvua ikakatika, jua likatoka, na mapaa mawili yakawaka, moja nyuma ya lingine.

Trekta walizisikia kadhaa jioni hiyo. Zilipita. Watu wana mashamba. Moja ikaja kutoka upande wa mji, na Tryphosa, akiwa na mkono ndani ya unga, akangoja ipite.

Ilipunguza mwendo.

Phineas aliweka brashi chini. Nje, walimsikia Jemutai akifungua mlango wake. Walimwona akitoka mpaka ukingo wa barabara, sketi imefungwa kiunoni, mikono yake bado ya fedha mpaka kwenye viwiko. Trekta ya manjano ilisimama mbele yake ikinguruma. Dereva alikuwa kijana, na nyuma yake wanaume wawili wamesimama kwa chuma.

"Mama," dereva alisema, "tunatafuta nyumba ya paa la fedha."

Jemutai akaangalia nyumba yake, akaangalia ya pili, kama mtu anayeziona leo.

"Hata mimi nimesikia iko hapa," alisema. "Zima kwanza hiyo trekta, mtoto wangu, tusikizane."

Dereva hakuzima.